Kopo Lenye Tundu

Katika miaka yote niliyochomelea vyuma hapa Kasulu nimefanya makosa mengi, lakini kuna moja nililichomelea vizuri mno. Nililizungushia bati nene, nikalichomelea pande zote nne, nikasaga mishono kwa grenda hadi ikalainika, kisha nikapaka rangi ya kijani. Watu walipita wakalisifu. Mimi nikasimama pembeni, mikono kiunoni, nikijiona fundi kweli kweli.

Lilikuwa sanduku la chuma, na lilifunika sehemu moja ya mashine niliyoifunga kwenye bonde chini ya zahanati moja, kijijini upande wa Kasanda. Mashine yenyewe ni pampu. Sisi huiita nyundo ya maji. Haitumii dizeli, haitumii umeme, haina hata kioo cha sola. Bomba linashusha maji kutoka kijitoni, maji yakishika kasi yanaifunga valvu kwa kishindo, na kishindo hicho kinasukuma maji kidogo yapande bomba jembamba hadi mlimani. Valvu inafunguka, kazi inaanza upya. Tok. Tok. Tok. Inagonga hivyo mchana kutwa na usiku kucha bila kumwomba mtu kitu. Huku kwetu vijito viko bondeni na nyumba ziko mgongoni mwa mlima, na kati ya kijito na nyumba yupo mwanamke mwenye ndoo kichwani. Mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya namna hiyo.

Nyundo ya maji sikuigundua mimi, na sitaki sifa ya mtu. Ni ya zamani, waliifikiria watu wa mbali ambao hawajawahi kuisikia Kasulu. Cha kwangu ni kimoja. Kiangazi kijito kikipungua, maji yanakosa nguvu ya kuifunga valvu, inabaki wazi, mashine inakufa, na lazima fundi aje kupunguza uzito kwa mkono. Jambo hilo lilinikera mwaka hadi mwaka. Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, nikamimina maji kwenye kopo la maziwa ya mjukuu wangu lililokuwa limetoboka, nikalitazama linavyovuja. Nikaacha vyombo hapo hapo.

Wazo ni hili. Maji yanayomwagika kwenye valvu nayaongoza yaingie kwenye kopo lenye tundu chini, na kopo limening'inia kwenye mkono mdogo wa chuma juu ya valvu. Kijito kikiwa na nguvu, kopo linajaa kuliko linavyovuja, linakuwa zito, na valvu inakuwa nzito. Kijito kikipungua, kopo linavuja kuliko linavyojaa, linakuwa jepesi, na valvu nayo inakuwa nyepesi. Mashine inapunguza mwendo badala ya kufa. Inajirekebisha yenyewe. Nilijaribu makopo sijui mangapi na matundu ya kila namna kabla tundu halijakaa sawa, na siku ilipokubali nilikaa kwenye jiwe kule bondeni nikacheka peke yangu. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu, ambaye tumelala kitanda kimoja tangu nikiwa msichana, hakujua kilichomo ndani ya lile sanduku.

Mtu atauliza, kwa nini nifiche? Nilifundishwa kuficha. Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi, na baba yake kabla yake. Walikuwa wakiyeyusha mawe kupata chuma, wakifua majembe yaliyotembea hadi ng'ambo ya mpaka. Mgeni akitokea njiani, babu alisimamisha kazi, akafunika tanuru na mivukuto kwa mkeka, akatoka nje kumsalimia. Mwidiwe, mwidiwe, salamu ndefu ya kwetu, watoto hawajambo, shamba linaendeleaje, huku chuma kikipoa chini ya mkeka. Baba yangu alitumwa shule, akawa karani, hakufundishwa. Babu akamngoja mjukuu anayefaa. Nilikuwa msichana, sikufaa. Akafa na mkeka wake. Leo hakuna mtu katika ukoo wetu anayejua jiwe lipi lilichukuliwa wapi wala tanuru lilipulizwa kwa muda gani. Niliona huzuni, lakini sikuona kosa. Niliona ndiyo heshima ya ufundi.

Halafu kulikuwa na shemeji. Mimi na yeye tulifunzwa na fundi mmoja pale Kabanga, mimi nikiwa msichana pekee, yeye akiwa mwepesi wa mikono kuliko wote. Alimwoa binti wa baba yangu mdogo, akahamia Kibondo, akafungua karakana. Miaka hiyo nilikuwa nimebuni mashine ya kukuna muhogo kwa pedali za baiskeli. Siku moja nimekwenda Kibondo msibani, napita sokoni, naiona mashine yangu. Si inayofanana na yangu. Yangu. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mpini niliuweka kushoto. Na pale Kibondo, mashine za mtu anayetumia mkono wa kulia, mipini yote iko kushoto. Nilisimama pale sokoni damu ikinichemka. Tangu siku hiyo tukikutana kwenye harusi tulisalimiana tukitazama viatu. Na tangu siku hiyo nilianza kuchomelea masanduku.

Basi, zahanati. Iko juu ya kilima, upepo mzuri, mandhari nzuri, maji hakuna. Akina mama waliokuja kujifungua walikuja na ndugu wa kuwashika mkono na ndugu mwingine wa kuwachotea maji. Nesi wa pale, mtu wa mkoa mwingine aliyepangiwa kazi huku, alinitafuta mwenyewe hadi karakana. Nilipofunga ile nyundo, na maji ya kwanza yakatoka kwenye koki ya chumba cha kujifungulia, yakikohoa kwanza halafu yakinyooka, wanawake walipiga vigelegele hadi koo zikakauka. Nesi alinawa mikono mara tatu bila sababu. Nilirudi Kasulu nimevimba kwa sifa, na sijutii hata kidogo. Kazi ilikuwa nzuri.

Kiangazi cha kwanza mashine ilipunguza mwendo, haikufa. Kiangazi cha pili nilikuwa Buhigwe, juu ya kenchi za jengo moja, simu ikalia. Alikuwa nesi.

"Mama, shikamoo. Nyundo imenyamaza."

Nikamwambia nitakuja nikimaliza paa. Paa likachelewa, mabati hayakufika, na Buhigwe na Kasanda hazishikani mkono. Wiki ikapita, na siku nyingine tatu juu yake. Nesi alipiga kila siku, na kila siku sauti yake ilikuwa ya adabu zaidi, jambo ambalo ni baya. Aliniuliza kama kuna mtu wa karibu anayeweza kuitazama. Nikasema hakuna. Alijua kuna fundi Kibondo, na mimi nilijua anajua.

Nilipofika nilikuta ndugu wa wagonjwa wakipanda mlima na ndoo, msururu mzima, na mmoja wao mama wa makamo ambaye binti yake alikuwa ndani na uchungu tangu alfajiri. Alikuwa ameshapanda na kushuka mara nne. Akaacha ndoo, akanifuata bondeni. Wakanifuata na wanawake wengine watatu. Sikutaka wanifuate, lakini ningesema nini?

Ilibidi nikate sanduku langu mwenyewe kwa msumeno wa mkono, maana umeme wa grenda hapo bondeni haupo. Nilikata muda mrefu. Nilikuwa nimechomelea kwa uaminifu. Bati lilipoachia, nikatazama ndani. Kopo lilikuwa limejaa pomoni. Ukoga mweusi kidogo, wa kutosha kidole gumba, ulikuwa umeziba tundu. Kopo haliwezi kuvuja, linabaki zito, valvu inabaki wazi. Nikachukua mwiba kwenye kichaka, nikatoboa. Maji yakatiririka. Kopo likapanda. Tok.

Kazi yote ilikuwa ya mwiba mmoja.

Yule mama akatazama kopo, akautazama mwiba mkononi mwangu. Hakupandisha sauti. "Ni hiki tu, mama?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, ni hiki tu. Akasema, "Hata mimi ningeweza." Kisha akaanza kupanda mlima kwenda kwa binti yake, na safari hii hakubeba ndoo.

Binti alijifungua salama, nilingoja hadi nisikie, nisingeweza kuondoka. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye ukuta wa zahanati nikingoja, niliona aibu ambayo sijaiona kabla wala baada. Nilijichukia. Ningefanyaje kama asingejifungua salama? Ningewaambia nini watu wale, kwamba nilifunika kopo la maziwa ili shemeji asilione?

Nesi alinisindikiza hadi njiani. Akasema, kwa ile adabu yake, "Mama, mimi siombi siri yako. Naomba tu siku nyingine ikinyamaza, tusikungoje." Nikamwahidi. Sanduku nililiacha wazi siku ile, lakini nikaondoka nikihesabu wazo la kopo bado ni langu peke yangu, nikiwa sijui nitaitimizaje ahadi bila kuipoteza kazi yangu.

Aliyenipa njia ni mwalimu wa fizikia, mpangaji wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mtu wa pwani, mwembamba, anayevaa sweta miezi yote kwa sababu ya baridi yetu ambayo sisi hatuioni. Alikuja kuchomelewa kiti. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, nikamsimulia yote huku cheche zikiruka. Akaniuliza, "Mama, umefikiria kuisajili, upate hataza?"

Nikamwambia hataza ni mambo ya makampuni ya Ulaya. Hataza ni sanduku kama langu, tofauti ni kwamba lao limechomelewa na wanasheria. Wanazuia maskini asitengeneze kitu, tukae tunanunua. Nilisema mengi. Mwalimu alingoja nimalize, walimu wamezoea. Kisha akatoa simu, akanionyesha michoro.

Ilikuwa hataza ya nyundo ya maji ya mtu fulani, ya zamani. Nikavua miwani ya kuchomelea. Kila kitu kilikuwepo. Valvu imekatwa katikati uone ndani. Kila kipande kina namba, na kila namba ina maelezo: hiki kimetengenezwa kwa nini, kinakaa wapi, kinafanya nini. Mtu yule, asiyenijua, ameniwekea hadi unene wa mpira. Mwalimu akanieleza kwamba ndiyo bei ya hataza. Serikali inakupa miaka, isiyozidi ishirini, ambayo mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza kitu chako kibiashara bila idhini yako. Na wewe, kwa upande wako, unaandika kila kitu wazi, fundi yeyote aweze kusoma na kutengeneza. Miaka ikiisha, ni cha watu wote. Na katika nchi ambayo hukukisajili, hakina mwenyewe tangu siku ya kwanza. "Hii hapa," akasema akigonga kioo cha simu, "imeisha zamani sana. Hata leo itengeneze. Mambo ya mazingira namna hii, ya maji, ya majiko, ya jua, yamejaa humu mamilioni ya kurasa na watu hawajui kama wanaruhusiwa kusoma."

Nilikasirika, lakini si kwa mwalimu. Nilimkasirikia babu yangu, Mungu amrehemu, kwa mara ya kwanza maishani. Kumbe kulikuwa na njia ya kuwa na jina na kufunua mkeka kwa wakati mmoja. Yeye hakuwa nayo. Mimi ninayo, tena iko kwenye simu ya jirani.

Mwalimu akaniuliza kama nimeshamwonyesha mtu ndani ya sanduku. Ikionekana hadharani kabla ya kupeleka maombi, akasema, upya wake unaweza kupotea. Nikawaza wale wanawake wanne bondeni. Nikamweleza ukweli. Akakuna kichwa, akasema waliona kopo lililoziba na mwiba, hawakuona hesabu ya tundu wala mkono, tuandike kama ilivyo na tuwaachie wenye ofisi ya hataza waamue. Lakini tuwahi. Siku iliyofuata nilipanda tena Kasanda, nikafunika kopo kwa turubai na kamba, nikamwonyesha nesi peke yake pa kuchomeka mwiba. Mfuniko huo ulikuwa wa muda, na nilimwambia hivyo.

Kuandika sasa. Nimebeba nguzo za chuma begani, nimezaa watoto watano, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mkono ulikataa. Niliandika ukurasa, mwalimu akausoma, akaurudisha. "Mama, umeandika 'tundu la kiasi'. Kiasi gani?" Nikaandika tundu dogo. Akarudisha. Nikaandika tundu dogo sana. Akacheka, nikamwambia aende na kiti chake. Alirudi kesho yake na sweta lake, akakaa. "Hataza inayoficha haisimami," akasema. "Ukificha tundu, hujaandika kitu. Fikiria fundi ambaye hakujui, yuko mbali, ana karatasi hii tu. Atafanya nini akifika hapa?"

Kwa kweli fundi niliyemfikiria hakuwa yule asiyenijua. Nilimwona shemeji, amekaa Kibondo, anasoma tundu langu, anatabasamu. Ndiyo maana mkono ulikataa. Nilikaa na ile karatasi Jumapili nzima baada ya ibada. Halafu nikamwona yule mama na ndoo yake, anapanda mara ya tano. Nikaandika: tundu litobolewe kwa msumari wa inchi nne, kutokea ndani kwenda nje, na kingo zake zisisagwe. Hilo la kingo ndilo lililonichukua miezi kulijua. Baada ya hapo mengine yalitoka kama maji. Nilichora hadi mwalimu akaniomba nipumzike.

Tulipeleka maombi, na baada ya muda ikaja karatasi yenye namba na tarehe ya kupokelewa, na jina langu kamili, majina yote matatu. Hataza yenyewe bado inachunguzwa, sijui itatoka lini, wala sijui watasema nini juu ya wale wanawake wanne. Lakini ile karatasi ya kupokelewa niliitazama kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wake aliyehitimu. Nilikwenda nayo hadi kaburini kwa babu. Nilisimama tu nayo mkononi. Nilijivuna, ndiyo. Mjukuu asiyefaa.

Nilichobakiza ni ahadi niliyompa nesi. Kutoka Kasulu hadi kule ni mbali, na mimi ujana umenipa kisogo. Fundi wa karibu na zahanati ni mmoja, kila mtu anamjua. Nikafunga nakala ya michoro kwenye bahasha, nikapanda gari la Kibondo.

Shemeji alikuwa anapiga bawaba. Aliponiona akaweka nyundo chini taratibu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuletea karatasi."

Akadhani nimekuja na barua ya mahakama, nikaona uso ulivyombadilika, na sikukawia kufurahia kidogo. Nikampa bahasha. Alisoma amesimama, akaketi, akasoma tena. Alipofika kwenye tundu akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele tena. Fundi akielewa kitu huoni usoni, unaona kwenye vidole. Vidole vyake vilianza kupinda hewani, vikitengeneza mkono wa chuma.

"Hii umeiandika yote," akasema.

"Yote."

"Na kingo zisisagwe."

"Usisage."

Kisha akasema, bila mimi kumwuliza, "Ile ya muhogo niliichukua."

"Najua. Mpini uko kushoto."

"Wateja walikuwa wananiuliza mbona uko kushoto. Nilikuwa nawaambia ndiyo utaalamu." Akacheka kidogo, akaacha. "Nilitaka kuja kukuomba kwanza."

"Kwa nini hukuja?"

"Ungenipa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na ingenipa ushindi mkubwa mbele ya wafanyakazi wake. Lakini nilikuwa nimetoka kuandika ukweli kurasa tisa, nikawa nimeuzoea. "Nisingekupa," nikasema.

Tukakaa. Binti wa baba mdogo akaleta chai. Nikamweleza shemeji makubaliano, tukayaandika na kutia sahihi: kwa zahanati na shule za Kibondo na Kakonko atengeneze na kurekebisha bila kuniuliza. Kwa wenye mashamba makubwa wanaotaka kumwagilia, tuzungumze kwanza. Na kichwa kipya cha ile nyundo ya zahanati, yaani valvu, mkono na kopo, akitengeneze yeye, kwa karatasi ile tu, asinipigie simu kuuliza chochote. Nilitaka kujua kama nimeandika ukweli au nimejidanganya.

Nilirudi Kasulu nikangoja. Jamani, nilingoja. Siku ya tatu nikachukua simu nimweleze juu ya mpira wa valvu, nikairudisha. Nilikuwa mkali nyumbani hadi mume wangu akahamia kwa jirani kutazama mpira. Akishindwa, karatasi yangu ni sanduku jingine. Akiweza, wale akina mama wana fundi wa karibu.

Simu ililia mchana, niko na mteja wa geti. Ni yeye, lakini hakusema kitu. Nikasema haloo, haloo. Upepo tu. Halafu nikasikia. Tok. Tok. Tok. Polepole, mwendo wa kiangazi, mwendo wa kopo jepesi. Nilimwambia mteja wa geti aje kesho.

Baadaye akaja kwenye simu. "Shemeji, nimeongeza kitu," akasema, sauti ya mtu anayejiandaa kutukanwa. "Nimeweka kichujio cha chai mdomoni mwa kopo. Ukoga hauingii. Ukiingia kidogo, unakitoa kichujio kwa mkono, unakipangusa, unakirudisha. Uandike kwenye karatasi yako."

Kichujio cha chai. Nilikaa na lile kopo miaka, na sikuwaza kichujio cha chai. Iliniuma, nisiseme uongo, iliniuma hadi kwenye meno. Nikamwuliza mwalimu. Akasema maombi yangu yameshapelekwa, haliwezi kuongezwa jambo jipya ndani yake. Na hata kama lingewezekana, si wazo langu. Nikampigia shemeji.

"Siwezi kukiandika kwangu," nikamwambia. "Kichujio ni chako. Andika cha kwako. Nitakutumia mwalimu, lakini ujiandae, atakuuliza kiasi gani."

Nilisikia nyundo za karakana yake zinagonga nyuma yake. Amefanya kazi na vyuma umri wake wote na sijui kama kuna mtu aliwahi kumwambia kitu hiki ni chako.

Leo shemeji naye ameshapeleka maombi yake, na ile pampu haina mfuniko wala turubai, imejengewa banda. Lina paa tu la kuzuia majani, na ukutani mwalimu wa sanaa wa shule ya pale amechora michoro miwili kwa rangi ya mafuta, kopo langu na kichujio chake, na maelezo kwa Kiswahili na kwa Kiha, mtu asijifanye hakuelewa. Chini ya kila mchoro kuna jina. Walitaka kuliandika langu kwa herufi kubwa zaidi. Nilikataa, japo si mara ya kwanza waliponiuliza.

Kiangazi hiki nesi alinipigia asubuhi. Nikaanza kutafuta viatu kabla hajamaliza salamu.

"Imenyamaza?" nikamwuliza.

"Ilinyamaza jana kidogo," akasema. "Dada mmoja alikuja kliniki na mtoto mgongoni, akashuka, akasoma ukutani, akapangusa kichujio, akarudi kwenye foleni. Hata sikumwona."

"Basi umenipigia kwa nini?"

"Nilikuwa nakusalimia tu, mama."

Nikavua kiatu kimoja nilichokuwa nimeshakivaa. Nikakaa kwenye benchi la karakana, kazi zikiningoja, na nikalia kidogo kwa majivuno, kwa sababu hawakunihitaji.